Bibi na Ile Sahani ya Bluu

Nyumbani kwetu Bariadi tuko wawili, mimi na bibi. Mama anafanya kazi Mwanza, anapiga simu Jumapili. Shuleni siongei sana, basi mambo yangu yote nilikuwa namwambia bibi tukila, mikono yetu kwenye sahani moja.

Halafu kliniki wakamkuta na sukari. Nesi akasema ukiipuuza inaharibu macho na miguu. Bibi akamjibu, "Miguu niachieni. Nataka nizeeke nikijipeleka chooni mwenyewe." Nesi alicheka, kisha akatuonyesha: nusu sahani mboga za majani, ugali usizidi ngumi yake, dagaa au maharage, chai bila sukari.

Mimi nikatii kupita kiasi. Nikamtengea bibi sahani yake ya bluu: ugali wa mtama, mboga ya mgagani, dagaa. Ugali wangu mweupe na chai yangu tamu nikawa navimalizia jikoni, mlango nimefunga, ili asitamani. Nilitafuna nikisikiliza redio ya jirani. Nyumba ilikuwa kimya hadi nikawa naogopa kugonga kikombe.

Sahani ya bluu ikaanza kurudi haijaguswa. Jioni moja nikamkuta bibi kwa huyo jirani, anakula matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, na chai yenye sukari kama asali. Njiani nilishindwa kujizuia.

"Bibi, unataka upofuke?"

"Kule wananikaribisha. Kwangu mjukuu ananifungia mlango." Akasimama. "Sukari haiambukizi, ng'wanone, mwanangu."

Kumbe ndivyo alivyodhani, kwamba namwonea kinyaa. Nilitaka kueleza, maneno yakagoma kama kawaida yangu.

Kesho yake nilisonga ugali wa mtama wa wawili, nikauweka kwenye ile sahani yetu kubwa, mgagani umejaa pembeni. Nikaukata kwa mwiko: upande mdogo kwake, mkubwa kwangu. Nikakaa naye mkekani.

"Umenichorea mpaka kama shamba la kugombania," akasema. "Na umeuunguza."

"Kula, bibi."

Akala upande wake wote, hakuvuka. Akalamba vidole, akaniuliza, "Shule je?"

Nikamwambia ukweli, kwamba leo tena wakati wa chakula hakuna aliyekaa na mimi.

Akausogeza mgagani uliobaki upande wangu.