Mkono wa Mpiga Solo

Hakuna mtu Mpanda aliyempenda Antoni Kasobile kama Eufrazia, na Eufrazia hakuwahi kumwona. Kasobile alikuwa mwimbaji wa Miyombo Jazz, bendi iliyotoa albamu tatu tu kisha ikasambaratika. Zote tatu Eufrazia alikuwa nazo kwenye kanda, na karatasi za makasha yake hazijakunjika hata pembe. Alikuwa fundi cherehani. Yeye na wifi yake Tereza walishonea kwenye kibaraza cha duka la vitambaa karibu na soko, redio kaseti ikiwa katikati yao, na mteja aliyekuja kupimwa sketi aliondoka amepimwa na masikio pia.

"Albamu ya kwanza, Barua Imerudi, ndiyo muziki," angesema, pini zikiwa mdomoni. "Walirekodi bila haraka. Kuna mahali mtu anakohoa nyuma na hawakumtoa. Ya pili wakaingiza kinanda, wakaharibu. Ya tatu, upande A ni wa kucheza tu. Lakini upande B, mama, usiusikilize ukiwa na shida zako."

Na vijana wa siku hizi? "Wanaimba vizuri, sikatai. Ila wanaimba kama gari linawaacha."

Kila Jumamosi saa tisa alasiri redio ya hapo mjini ilikuwa na kipindi cha nyimbo za zamani. Mtangazaji, Hezron, akikwama jina la mpiga besi au mwaka wa wimbo, alisema hewani, "Ngoja tumuulize Mama Kanda," akampigia Eufrazia. Jina likaganda. Hata padri alimwita hivyo. Eufrazia alijifanya limemchosha.

Ndipo Jumamosi moja ikaingia simu ya mtu mwenye sauti nzito, anayevuta maneno kama watu wa Inyonga.

"Naitwa Osward. Nauza asali hapa Mpanda, nimehamia juzi juzi. Kanda sina hata moja. Ila hao Miyombo Jazz niliwaona kwa macho yangu, Inyonga, mwaka themanini na tisa, msimu wa kuuza tumbaku. Nilisimama mbele kabisa. Jasho la Kasobile lilinidondokea hapa mkononi."

Cherehani ya Eufrazia ilisimama.

Mwaka huo alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Bendi ilitangazwa kwamba ikitoka Inyonga itakuja Mpanda. Alinunua tiketi, akajishonea gauni la kijani, akasimama mlangoni mwa ukumbi tangu mchana pamoja na wenzake. Gari la bendi liliharibika njiani, wanamuziki wakageuza, na hawakuja tena kamwe. Miaka yote hiyo alijiambia kwamba ni bahati mbaya ya kila mtu. Sasa kumbe kulikuwa na mtu aliyesimama mbele kabisa, na mtu mwenyewe ni muuza asali asiye na kanda hata moja!

Jumamosi iliyofuata Hezron hakusema Mama Kanda. Alisema, "Mzee Osward, tuambie, Kasobile alivaaje?" Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Watu walitaka kusikia viatu, mavumbi, akina mama waliocheza na watoto mgongoni. Eufrazia alisikiliza huku moyo wake ukiungua kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi.

"Mwongo huyo," akamwambia Tereza.

"Umejuaje, wifi?"

"Nitajua."

Akachukua kasha la albamu ya tatu, lenye picha ya bendi nzima jukwaani, akalitazama, akatabasamu. Jumamosi ilipofika alipiga simu wakati Osward yuko kwenye laini.

"Kaka Osward, wewe uliyesimama mbele. Yule mpiga gitaa la solo alipiga kwa mkono gani?"

"Wa kulia, dada, kama watu wengine."

"Basi hukuwaona! Picha ninayo hapa, nimeishika. Anapiga kwa kushoto. Nyie watu wa Mpanda, mmedanganywa na muuza asali!"

Hezron alicheka mpaka akashindwa kuweka wimbo. Wiki ile watu walipita kwenye meza ya Osward wakimwomba asali iliyorinwa kwa mkono wa kulia. Wengine walimuuliza kama nayo aliiona kwa macho au alisimuliwa. Osward hakupiga simu tena. Jina la Mama Kanda likarudi mahali pake, na Eufrazia alikula wali kama mtu aliyetoka kufunga.

Siku tisa baadaye walikuwa wakishona mashati ya kwaya. Tereza alikosea, akabandika mfuko wa shati la kiume kifuani kulia.

"Wifi! Mfuko wa mwanamume unakaa kushoto, upande wa moyo. Fumua."

Mchana, akisubiri chai ipoe, alifungua kasha kumtazama Kasobile. Zaidi ya miaka thelathini alikuwa akiutazama uso ule tu. Safari hii jicho la fundi likashuka kifuani. Mfuko wa shati la Kasobile ulikuwa kulia. Wa mpiga tumba, kulia. Wa mpiga besi, kulia, na kumbe naye anapiga kwa kushoto. Hakuna fundi duniani anayekosea sare ya bendi nzima. Picha ilichapwa kinyume. Igeuze, na mpiga solo anapiga kwa mkono wa kulia, kama watu wengine.

Alifunga kasha haraka, kana kwamba mtu amemwona akivua nguo.

"Mbona umenyamaza?" Tereza akauliza.

"Chai ni ya moto."

Hakusema. Jumamosi ikaja, akapiga simu, akajibu maswali yote, akasifiwa. Ya pili, vilevile. Lakini kila alipoweka kanda aliiona mifuko. Sauti ya Kasobile ilikuwa ile ile, ila haikumtikisa. Jumatatu alijifunga khanga, akaenda kwenye meza ya asali.

Osward alikuwa mtu mwembamba wa miaka sitini na kitu, kofia ya sufu kichwani. Eufrazia aliweka kasha mezani, akamwonyesha mifuko, akamweleza. Osward aliliinua kasha karibu na macho.

"Mimi nilijua nilichokiona," akasema. "Ulikuwa na sababu gani dada yangu?"

"Wivu," Eufrazia akasema. "Tiketi nilikuwa nayo."

Mzee akakuna kidevu. "Ulinichafua hewani. Nisafishe hewani."

Jumamosi Eufrazia alipiga simu, akasema maneno machache kuliko siku zote: picha imegeuzwa, mzee alisema kweli, mwongo alikuwa yeye. Hezron akaweka wimbo. Kwa wiki nzima sokoni watu walimuuliza anashona kwa mkono gani. Alivumilia.

Osward alikuja kibarazani siku ya nne, na chupa ya asali. Aliomba jambo moja: asikilizishwe upande B wa albamu ya tatu. Tangu Inyonga hakuwahi kuzisikia tena nyimbo zile. Eufrazia akaweka kanda. Wimbo ulipofika ubeti wa tatu mzee alifumba macho.

"Hapa aliacha kuimba," akasema polepole. "Akatuachia sisi. Tukaimba watu wote, na yeye anatusikiliza."

Kwenye kanda Kasobile alikuwa anaendelea kuimba. Eufrazia alimtazama mgeni wake, mtu aliyeko mahali ambapo yeye hatafika, na mkono wake ukaenda kwenye kitufe cha kuzima. Ukakaa hapo. Hakubonyeza.

Mzee alipoondoka, Tereza aliinua macho kwenye kitambaa. "Kwa hiyo mmepatana?"

"Tumepatana. Jumamosi nimemwambia aje, tupige simu pamoja." Eufrazia alivuta cherehani karibu, akatafuta mwanzo wa uzi. "Lakini namwonea wivu, wifi. Namwonea mpaka kesho."