Gari ya Papa Anselme

Siku ile, katika parsele moja, ua wa nyumba mtaani Makomeno, tulikuwa watu sita: Papa Anselme aliyekuwa fundi, Mama Odile mwenye gari, Kasongo mlinzi wake, mimi Donatien, niliyekuwa naanza kazi, na wadogo zangu wawili, Clarisse na Gabi. Hao wawili hakuna aliyewaita. Nilikuja nao kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kuwaachia.

Baba alikuwa amekufa, na mama alimfuata kabla mvua hazijarudi. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule. Familia ilikuwa imekaa na kuamua: Clarisse aende Likasi kwa mama mkubwa, Gabi aende Kolwezi kwa mjomba. Niliomba waniachie wote wawili. Wakasema, sawa, ukipata kazi. Papa Anselme alikuwa akisali na baba parokia moja, naye akakubali kunijaribu.

Ninyi vijana mnampigia fundi simu, mnamtumia picha ya moshi. Wakati ule mteja alimtuma mlinzi wake na baiskeli. Fundi wa kutembea hana gereji. Ua wa mteja ndio gereji yake. Papa Anselme alibeba sanduku la vyombo, kriki ya kuinulia gari, na kikwembe kimoja, kitenge cha zamani cha mke wake, Mama Régine. Kikwembe hicho kilikuwa chombo kama vingine. Alikitandaza chini, na kila kitu kilichotoka katika injini alikilaza juu yake, kushoto kwenda kulia, kwa jinsi kilivyotoka. Wakati wa kurudisha, unaanza mwisho na kurudi mwanzo. Kilikinga vyuma na lile vumbi jekundu letu, na mwenye gari aliona kila kilichotolewa. Chuma kilichokufa kilirudi mkononi mwake, hakikuingia mfukoni mwa fundi.

Hakufungua kapo, kile kifuniko cha injini, kabla ya kuuliza.

“Mama, ilianza kulia wakati gani? Ukiwa unapanda mulima, ao ukisimama?”

“Asubui, nikiiwasha,” Mama Odile alisema. “Na inamwaga maji chini.”

Ilikuwa pompu ya maji. Tuliitoa, pamoja na buloni zake zote, zile skrubu nene za kuikazia, kisha tukaingia chini ya gari. Tulipotoka, Clarisse alikuwa amepiga magoti mbele ya kikwembe. Mtoto yule hakuweza kuona kitu kimekaa ovyo. Alikuwa amezipanga upya buloni zote, kuanzia fupi mpaka ndefu, zimenyooka kama wanafunzi mbele ya bendera.

“Yaya, angalia,” aliniambia mimi kaka yake. “Tulipanga muzuri.”

Kasongo alicheka mpaka akashika lango. “Papa Anselme, leo ulileta bafundi batatu. Na bale badogo njo bakubwa ba kazi.”

“Anselme,” Mama Odile alisema, “kesho niko na ndoa Likasi.”

“Gari itatoka, Mama.”

Niwaeleze kwa nini haikuwa mchezo. Buloni za pompu ile hazikuwa na urefu mmoja, lakini unene wake ulikuwa sawa. Ndefu ingeingia katika tundu la fupi bila kukataa, na ukiikaza kwa nguvu inapasua chuma cha injini. Papa Anselme alitazama kikwembe, mimi nikatazama uso wake. Niliona kabisa kazi imeniponyoka, na Clarisse akipanda gari ya kwenda Likasi.

“Nani alipanga?”

“Ni mimi, Papa,” nilisema.

“Niliuliza nani alipanga. Sikuuliza nani atapigwa.”

Clarisse aliinua mkono.

“Kuja hapa, mama. Na weye mudogo, kata majani kule, yale ya kunyooka.”

Gabi alileta bua la nyasi. Papa Anselme alilisukuma ndani ya tundu la kwanza mpaka likagota, akalibana kwa kucha pale lilipotokea, akalitoa. “Sasa, mama, tafuta buloni ya kuingia hivi, na ibakize unene wa pompu.” Clarisse akapima, akatafuta, akampa. Walifanya hivyo tundu kwa tundu, kisha Papa Anselme akaweka pompu mpya, akaziingiza buloni zote kwa vidole kabla ya kugusa ufunguo wa kukazia. Jua lilikuwa halijashuka Mama Odile alipowasha injini, na chini hapakudondoka kitu.

Njiani Papa Anselme alisema, “Kesho hawa batoto basikuje tena kwa bateja.”

Nilikuwa nikifikiri nitamwambia nini mama mkubwa.

“Babaki kwangu Kampemba, Mama Régine atabaangalia. Banaweza kukaa mu ile gari yangu. Haiendake fasi yoyote.”

Ilikuwa gari ndefu ya kijani, imepandishwa juu ya matofali, kwa kuwa za wateja zilitangulia siku zote. Ndani yake Clarisse na Gabi walikula, walilala mchana, na baadaye walisomea masomo yao, kitabu juu ya usukani. Mama mkubwa alikuja, akawakuta humo, akakaa na Mama Régine mpaka chai ikaisha. Likasi haikutajwa tena, wala Kolwezi.

Nilipokwisha kujifunza, nilimletea Papa Anselme kuku, kama desturi ya kumshukuru mwalimu. Alimrudisha mikononi mwangu.

“Mukule na bale batoto. Miye utanifanyia kitu kimoja. Siku moja hii gari itembee, initoe na Mama Régine tufike Kongolo, kwetu.”

Nikasema ndiyo. Nani angesema hapana?

Baadaye niliandikwa katika karakana ya kampuni ya malori. Mkuu wake, tuliyemwita Chef, alinipa breki, breki peke yake, mpaka nikazijua kwa kunusa. Mwishoni akataka kunipeleka kwenye mgodi, kambi ya wasio na familia.

“Donatien, bantu banalilia hii fasi.”

“Najua, Chef.”

“Sasa?”

“Niko na bawili.”

“Bana bako?”

“Badogo bangu.”

Alikunja karatasi ya kunihamisha. “Basi hapa kazi imeisha. Beba ile kriki yako ya zamani. Utatembea.”

Nikatembea. Makomeno, Kampemba, nyumba kubwa za mtaa wa Golf. Fundi wa uani husikia ugomvi wa jikoni na wa sebuleni, na hatoki nao. Zikaja gari za usukani wa kulia, kisha zile zinazoungwa na kompyuta ndipo ziseme zinaumwa nini. Sizisemi vibaya. Lakini hata nazo, muulizeni kwanza mwenye gari ilianza kulia wakati gani.

Papa Anselme alikufa gari yake ikiwa bado juu ya matofali. Za wateja zilitangulia, hata kwangu. Sasa magoti yamenitoa kazini, na gari moja tu imebaki mbele yangu. Jumapili Clarisse na Gabi wanakuja Kampemba baada ya misa. Clarisse ana wajukuu, na bado ndiye anayelinda kikwembe. Injini inaunguruma vizuri. Breki ndizo bado, na bila breki siwezi kumpeleka mtu Kongolo.

“Donatien, inatembea?” Mama Régine huuliza toka mlangoni.

“Bado, Mama. Inaimba tu.”

Mfuko wake wa safari ameshauweka kiti cha nyuma. Nikisafisha gari nausogeza, kisha naurudisha palepale.