Alama Hamsini na Mbili

Mafundi wenzake walimwita Kesho Asubuhi. Alikuwa fundi umeme mwenye mikono myepesi, ila kila kazi aliibakiza kipande, akaaga kwa maneno hayo hayo. Wateja walicheka, wakamsubiri.

Kwa dada yake alifunga hita ya maji ya bafuni. Waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umemwishia, akauacha. Siku ya tatu, kabla hajarudi, shemeji yake aliingia kuoga, akashika bomba. Walimtoa akiwa maiti.

Fundi alimwambia dada yake kwamba hita ilitoka dukani ikiwa mbovu, na kosa lake ni kutoikagua. Dada alilia, kisha akamsamehe mbele ya ndugu wote. Ajali haina kinga, alisema.

Fundi ndiye aliyeshindwa kujisamehe. Aliacha kazi, akakonda, mpaka mkewe akamburuta kwenda kwa mnasihi wa zahanati. Mama huyo alimpa karatasi yenye sentensi kumi za kupima mtu alivyojisamehe: nastahili kupendwa, naweza kuishi na nilichokifanya, na nyingine za namna hiyo. Kila sentensi aipe namba, moja hadi sita. Siku ya kwanza alipata kumi na tisa juu ya sitini.

Miezi ikaenda, alama zikapanda: thelathini, arobaini na moja, hamsini na mbili. Mkewe alishukuru. Mnasihi akauliza kimebadilika nini. Fundi akajibu kwamba sasa ameelewa: hata marehemu alikuwa mzembe, aliingia kuoga bila kuzima swichi.

Mnasihi aliweka kalamu chini.

"Baba, karatasi hii ina upofu wake. Aliyejisamehe na aliyejivua lawama wote hupata namba nzuri. Mimi siwezi kujua wewe ni yupi. Wewe unajua."

Fundi aliinuka kabla muda wake haujaisha. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, akamkuta sebuleni akikunja nguo za watoto. Akamweleza habari ya waya, bila kuficha. Dada alilikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilikusamehe hita," alisema. "Huo waya ndio kwanza nausikia."

"Najua, dada."

"Basi nenda, mdogo wangu. Nikiweza, nitakuita."

Mwaka sasa umekatika, hajaitwa. Watoto wa dada wakikutana naye barabarani humwamkia kwa adabu na kupita. Mkewe haulizi tena habari za alama. Mwezi uliopita fundi alipata ishirini na tatu, na mnasihi akamwambia kwamba hiyo ndiyo namba ya kwanza anayoiamini.

Fundi alimuuliza kama ipo karatasi ya kumpima dada yake, ajue amefika wapi katika kumsamehe. Mnasihi akasema zipo, lakini hujazwa na mwenyewe.