Unga wa Koko katika Mkia wa Ndege

Siku ile naikumbuka kwa kilo zake, Mwanangu, si kwa tarehe. Mimi arobaini na moja, pamoja na viatu. Noko Muhindo sitini na nane, bila koti. Essence ya moteri ishirini na mbili. Kisanduku cha nyuma ya viti: tatu, si zaidi. Niliziandika mwenyewe katika kaye, daftari la Noko, kwa kalamu ya bic ya bleu, na maandishi yangu yalikuwa mazuri sana. Ni hilo linaloniuma hadi leo, kwamba yalikuwa mazuri.

Najua hujazaliwa bado. Niko na miaka kumi na saba, niko sekondari, sina hata mchumba, na Koko, mama ya mama yangu, akisikia ninaandika "Mwanangu" atacheka mpaka kikohozi kimshike. Kwetu nasaha hutoka kwa wazee. Mais lakini nimeona jambo moja: mzee anapokusimulia kosa la ujana wake, kosa lenyewe limekwisha kufuliwa na kupigwa pasi. Langu hili bado chafu. Donc basi ninakuandikia sasa, kabla sijaelewa vizuri lina maana gani, ili siku nikizeeka nisije nikakupamba uongo.

Noko Muhindo ni kaka ya mama yangu. Hapa Butembo anatengeneza pikipiki na jenereta. Zamani alikuwa fundi wa ndege za wamisionari, ni kule alijifunza na kurusha. Kwa miaka sita alijenga ndege yake mwenyewe katika uwanja wa nyumba ya Koko, mahali tulipokuwa tunaanika kahawa. Ni ndege ya kweli, ya watu wawili: mabomba ya aluminium, kitambaa kilichopakwa dawa kikakaza kama ngozi ya ngoma, moteri ndogo yenye kelele kubwa. Koko alilalamika miaka yote sita juu ya kahawa yake. Majirani wakipita walimchokoza: "Muhindo, mbinguni utafika lini? Utusalimie batu ya kule!" Naye alijibu bila kuinua kichwa: "Nyinyi mutanitangulia na mikokoteni yenu."

Alikuwa amekwisha kuizungusha mara nyingi juu ya piste, njia ya ndege ya Butembo, na ilishuka vizuri. Sasa kukawa na mkutano Beni: watu wenye ndege ndogo wangekutana kuonyeshana na kufundishana. Ndege mbili za misioni, daktari mmoja kutoka upande wa Uganda na ndege aliyoijenga kwa mikono yake, na Noko. Yeye alikataa kabisa kuipeleka yake kwa barabara. "Ndege haiwezi kufika mu mukutano ya bandege juu ya camion, kama ngombe," alisema. Karatasi ya ruhusa ya kuruka ilikuwa ya asubuhi ile moja tu, kabla ya saa sita. Ikipita, basi.

Kiti cha pili alinipa mimi. Hakunichagua kwa akili. Alinichagua kwa sababu nyumbani mimi ndiye mwepesi kuliko wote. Hata hivyo nilifurahi kuliko siku ya kipaimara changu, na kwa kuwa naona haya kuongea, furaha yote niliimalizia katika kaye ile, kupima na kuandika.

Butembo iko juu, hewa yake ni nyepesi, haiinui ndege vizuri, na piste si ndefu. Noko alinieleza kwa kijiko alichokilaza juu ya kidole. "Ukiongeza kitu huku nyuma, unaona? Mukia inalala. Pua inapanda, mbio haiyatosha. Kisha inaanguka." Kijiko kilianguka kwenye sahani. Nilielewa. Usiniulize kama nilielewa, Mwanangu. Nilielewa kabisa.

Sasa sikia desturi yetu. Kwetu mtu akisafiri, mzigo wake haumhusu yeye peke yake. Ukisikika unaenda Beni, kila mwenye ndugu Beni atakuletea commission, kifurushi cha kumfikishia, na ukikataa ni kama umesema hutaki kuwajua ndugu zake. Noko alijua. Alisimamisha bascule ya kupimia kahawa mlangoni na kutangaza: "Hapana commission! Ata barua!" Watu walicheka, wakasema ndiyo Muhindo, ndiyo. Kisha wakazunguka nyuma, wakapitia jikoni, kwangu.

Wa kwanza alikuwa Mama Pasta, jirani yetu Mprotestanti. Vitabu sita vya nyimbo kwa ajili ya kwaya ya dada yake katika commune ya Ruwenzori, kule Beni. "Kavira, mwana wangu, ni bitabu tu," alisema. "Neno ya Mungu haina kilo." Wa pili, Papa Mbusa, ametoka kijiji cha Luofu, na moyo wake haujatoka. Alileta viazi katika mfuko wa plastiki. "Ni kidogo tu. Bajukuu bangu ba Beni banakula viazi ya wapi sijui. Baonje ya kwetu."

Nilisema ndiyo kwa wote wawili, nikitazama sakafu. Nilifikiri: nitaandika. Kisha nikafikiri: nikiandika, Noko atavirudisha, nao watajua ni mimi niliyesema.

Wa tatu alikuwa Koko mwenyewe. Unga wa wimbi, umefungwa katika kipande cha kitenge chake cha kijani, kwa ajili ya uji wa mama mdogo Katungu aliyezaa wiki ile kule Bungulu, mtaa wa Beni. Alinishika mkono. "Usimwambie Noko yako. Anapenda makelele juu ya kilo. Mutoto wangu amezaa, nitatuma mikono mitupu?"

Ungemjibu nini, wewe? Mimi niliupokea.

Asubuhi, kwenye uwanja wa ndege, wakati Noko anajaza essence, nilivipanga vyote vitatu katika kisanduku cha nyuma, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Askari wa mlangoni aliniuliza kwa Lingala, akicheka, "Petite, ozokende likolo?" Nikaitika kwa kichwa kwamba ndiyo, naenda juu. Kaye ilisema tatu. Noko aliisoma, akanipiga begani. "Kazi muzuri."

Watu wetu walikuwa kwenye ua wa piste, Koko mbele kabisa na rozari mkononi. Moteri ilinguruma, piste ikaanza kukimbia chini yetu. Kwanza ilikuwa tamu. Kisha pua ikainuka mapema, kama mbuzi anayevutwa kamba, na siti ikanisukuma mgongo, na niliona anga tupu mbele bila kuhisi kwamba tumeondoka chini. Noko alisukuma usukani mbele kwa mikono yote miwili. Alisema "Hapana, hapana, hapana," si kwangu, kwa ndege. Akakata moteri. Tuliruka kidogo, tukagonga, tukaburuzwa mpaka kwenye majani mwisho wa piste, na mikaratusi ilikuwa karibu kiasi cha kuhesabu matawi.

Hakuna aliyeumia. Hata gurudumu halikupinda.

Aliyefika kwanza ni Muzee Kambale, aliyemfundisha Noko ufundi wa ndege zamani, mzee wa nyusi nyeupe. Alikuwa amekuja na jeep yake ili abebe vyombo vya kazi hadi Beni. Hakukimbia. Alizunguka ndege, akabonyeza mkia kwa kiganja, akafungua kisanduku. Alitoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga juu ya majani, kama mama anayetandaza sokoni.

"Hii ya nani?"

"Ya Mama Pasta."

"Hii?"

"Ya Papa Mbusa."

"Na hii?"

Nilitazama ua. Koko alikuwa ameacha kusali. "Ya Koko," nikasema, na ilikuwa kama nimemsukuma mbele ya watu.

Noko alilipuka. "Kavira! Uliandika tatu! Tatu! Ulitaka tukufe?" Sijawahi kumwona hivyo. Nililia kwa sauti, mimi ambaye hata kusoma darasani nasoma kwa kunong'ona.

Muzee Kambale hakumnyamazisha. Aliinama tu upande wa pili, akapitisha mkono chini ya kiti cha Noko, kwa sababu fundi hupitisha mkono kila mahali. Mkono ulitoka na kifurushi. Unga. Kitenge kilekile cha kijani.

"Na hii?"

Noko alitazama viatu vyake. Nilishangaa kuona anavitazama sawasawa na ninavyovitazama vyangu.

"Ya mama," alisema.

Kutoka kwenye ua Koko alipaza sauti: "Niligawa mara mbili ili isikuwe nzito!"

Watu walicheka, Mwanangu, waliangukiana. Hata yule askari. Mimi sikujua kama nicheke au niendelee kulia, nikafanya yote mawili, vibaya. Muzee pekee hakucheka. Alichukua kaye, akasoma ukurasa wangu mzuri, akaifunga.

"Hii kaye inasema juu ya ndege ingine," alisema polepole. "Ile ndege iko muzuri, ningeipanda mimi mwenyewe. Mais haiko hii. Hii yenye kusimama hapa, hakuna mutu aliyeiandika." Akamgeukia Noko: "Mutoto aliogopa mama yako. Na wewe, fundi, uliogopa nani? Mama yako."

Walikagua magurudumu na mkia, walipima upya kila kitu. Jua lilikuwa limepanda, na Muzee alieleza kwamba hewa ikipata joto inazidi kuwa nyepesi. Kilo za alfajiri si kilo za saa nne. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kuruka kwa usalama. Nilijua rubani ndiye nani. Hata hivyo nilimtazama Noko nikingoja aseme kitu kingine, sijui kipi. Alisema, "Kavira, enda na Muzee," na hakunitazama.

Hapo ndipo nachanganyikiwa hadi sasa. Yeye alificha, mimi nilificha. Yeye aliruka, mimi nilibaki na mizigo. Najua ni mambo ya uzito, si adhabu. Mais mbona niliona ni adhabu?

Katika jeep nilipakata vifurushi vyote, unga mara mbili, viazi, vitabu. Mama Pasta hakuomba vitabu vyake virudi. Alisema sasa vimepata njia bora. Tulipokuwa katikati ya Butembo na Beni, Muzee alisimamisha gari na kuzima moteri. Tulisikia kelele ile ninayoijua kuliko sauti ya kengele ya shule. Ndege ilipita juu, ndogo, imenyooka, kitambaa chake kikiangaza. Nilipunga mkono. Sidhani aliniona.

Niliuliza bila kumtazama Muzee, maana hivyo ni rahisi kwangu. "Muzee, Koko ningemwambia hapana namna gani?"

Aliwasha moteri tena.

"Sikukuomba useme hapana," alijibu. "Nilitaka useme kumi na moja."

Kwa maana kisanduku kilikuwa na kilo kumi na moja. Alivipima vitu mwenyewe pale kwenye majani.

Tulipita Bungulu kwanza. Mama mdogo Katungu alipokea vifurushi viwili vya unga, akavibusu, akasema "Wasingya, wasingya," na kunishukuru mimi kana kwamba nimefanya jambo jema. Sikumwambia. Hilo nalo sijui kama ni kosa la pili. Tulipofika kwenye mkutano, watu walikuwa wamekwisha kuzunguka ndege ya Noko, na daktari wa Uganda alikuwa amelala chini yake akitazama mabomba na kuuliza maswali. Noko alitoka katikati yao. Hakuomba msamaha, wala hakunidai wangu. Alinipa kaye, imefunguliwa kwenye ukurasa wangu. Chini ya maandishi yangu ameandika kwa yale yake mabaya ya fundi: *Muhindo. Unga, chini ya kiti, kilo mbili na nusu. Nilificha.* Akanipa bic.

Niliandika: *Kavira. Kisanduku, kumi na moja.* Maandishi yakawa mabaya kama yake. Akasoma, akaweka kaye mfukoni, akaniita niende nimshikie daktari taa.

Basi, Mwanangu, nasaha yangu ni hii, uichukue ikiwa na uchafu wake. Watu watakupa mizigo yao, na wengi watakuwa watu unaowapenda, na kila mzigo utakuwa kidogo tu. Sikuambii uwakatalie. Mimi mwenyewe sijaweza. Juzi tu Papa Mbusa ameniletea tena viazi. Lakini kabla hujaingia mahali ambapo maisha ya mtu yanategemea hesabu yako, sema ulichobeba. Sema kwa sauti inayosikika, hata kama uso unawaka, hata kama Koko yako yuko kwenye ua anakutazama. Sauti ikikataa, andika. Usiandike vizuri. Andika kweli. Na siku ukiona mkubwa aliyekukaripia naye ameficha, usifurahi sana; mpe bic.

Mungu akupe hewa nzito asubuhi ya kuondoka kwako na piste ndefu kuliko hofu yako. Akushushe salama popote utakapokwenda. Na huko ufike ukutane na mtu anayekungoja, mwenye njaa ya uji wa wimbi.