Daktari wa Nguruwe na Paa la Nyasi

Mtaa mzima wa Ndosho, wafuga nguruwe wanamjua daktari wa mifugo kwa kravati yake nyekundu shingoni. Haivui hata jua likiwaka juu ya mawe meusi ya volkano mpaka mbwa anayakanyaga kwa kurukaruka. Vidole vyake ni laini, vya mtu asiyeshika ndoo. Mlango wa kila banda huusukuma kwa kidole kimoja, akakohoa kidogo, kisha akatamka kama padri altareni: "Klima imebadilika, mama." Kwake kila kosa ni la hali ya hewa: mvua ikizidi, ni klima. Nguruwe akihara, klima. Na dawa yake ni moja tu: toa nyasi paani, weka mabati, uwe mutu wa kisasa.

Jumatano ile, saa saba mchana, alifika kwa Mama Nyiramahirwe, aliyekataa mabati mwaka wa tatu sasa. Alikuwa ametoka kwa jirani aliyemtii, ambako nguruwe wawili walikufa kwa joto chini ya mabati mapya, naye ameandika kwamba klima imewaua. Jasho lilimdondoka mpaka wino ukaanza kutambaa kwenye karatasi.

"Dokta, ingia kidogo mu kivuli, jua itakuua," Mama akamwambia.

Akainama, akaingia bandani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, bega kwa bega na jike lenye mimba lililokuwa likikoroma kwa raha. Kwa mara ya kwanza akalegeza kravati.

"Huku kuko baridi muzuri, mama," alisema, akashusha pumzi ndefu. Kisha akaweka karatasi gotini, akaandika: Paa bado la nyasi. Libomolewe haraka.