Asha Alinionya Kuhusu Zile Video, Nami Nikamtosa

Nimechoka kulibeba hili peke yangu. Kosa lilikuwa langu, si la Asha. Nalisema hapa kwa sababu pale nilipotakiwa kulisema nilishindwa.

Mimi ni mtu wa Madungu, Chake Chake. Nilibahatika kupata kazi nchi za watu, kwenye maabara inayopima vyombo vya angani kabla havijarushwa. Sisi tulipima mabawa, yale mepesi yanayonasa jua. Ukilibandika bawa kipimo chenye uzito, mtikisiko wake unabadilika. Kwa hiyo tunalitia vidoa vyeupe, tunalitikisa na kulipiga video kwa kamera ya kasi. Kompyuta inavifuata vidoa picha baada ya picha, inatwambia bawa linachezaje.

Asha, binti wa kijiji cha Ole, huko huko kwetu Pemba, nilimwingiza kazini mimi mwenyewe. Kamera ilikuwa mkononi mwake.

Mwaka ule nikaja nyumbani, dada yangu anaolewa. Harusi iliwahishwa kabla ya kampeni za uchaguzi kupamba moto. Bosi naye anataka majibu ya bawa. Mtandao wa kwetu mnaujua! Video nzima haishuki. Nikampigia Asha azibane zile video ziwe ndogo, anitumie kwenye simu kama watu wanavyotumiana video za harusi.

"Kaka, nikizibana, picha nyingi zitaruka," akanambia. "Ule mtikisiko wa haraka hutouona. Ngoja urudi."

"Zitatosha, Asha. Tuma!"

Nikazipima sebuleni, mama ananigombeza: "Hebu iweke hiyo mashini, mwanangu! Wageni washafika, weye umeinama tu!"

Nikaona bawa limetulia. Nikaandika: salama. Nikaenda kula biriani, tena jamani nilikula kwa raha!

Bawa likavunjika kwenye jaribio la mwisho. Chombo hakikuruka. Kikao kikaitwa, bosi akauliza kwa nini video zilikuwa pungufu.

Nikasema sikujua kwamba zimebanwa. Ya Rabi! Nilisema hivyo, na Asha kakaa mbele yangu.

Akafukuzwa yeye. Siku anafunga mizigo nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Wewe ndiye uliyenileta, Kaka. Nikuumbue vipi mbele ya wageni?"

Sasa yuko kwao Ole, anaanika karafuu. Mimi kazi ninayo bado, ila sina hamu nayo hata kidogo.

Juzi nilipokuja likizo nilikutana na mama yake, Bi Mize, sokoni Chake. Akanishika mikono yote miwili.

"Ushakuja, mwanangu? Allah akujaze kheri! Bila ya weye Asha wangu asingefika kule. Basi tu, haikuwa riziki yake. Nakuombea kila Ijumaa."

Nikasema amin. Nilichoweza ni hicho tu!

Ndugu zangu, mkiulizwa nani kakosea, jibuni pale pale, mngali kwenye kikao. Mkichelewa, mtakuja kuombewa dua na mama wa mtu mliyemuumiza, nanyi mtaitikia.