Vijiti vya Elwin katika shamba la boboliki

Jumatano, Juni 12. Asubuhi hii ukungu mweupe umelala juu ya majani ya Vermont, upepo hakuna, na jua bado linapapasa nyuma ya vilima.

Verna Lachapelle, 57, anazima trekta kabla ya kuingia shamba la bondeni. Anavua kofia na kuomba kimoyomoyo. Kisha anasikiliza.

Ndani ya ukungu wimbo unapanda, unachuruzika, kama vijiko vidogo vinavyomwagwa kwenye bakuli la glasi. Ni dume la boboliki, ndege mdogo wa mashamba ya majani. Anaibuka juu ya majani, mabawa yakitetemeka: tumbo jeusi, mgongo mweupe, kisogo rangi ya siagi.

"Utafikiri alivaa gizani," Verna anasema, akitabasamu.

Kwa miaka thelathini amekata majani katika shamba hili la kaka yake, Elwin. Yakikaushwa, ndiyo chakula cha ng'ombe arobaini wakati wa theluji. Yakichelewa kukatwa hukomaa, huwa magumu, na maziwa hupungua.

Lakini chini ya majani hayohayo boboliki, waliotoka Amerika Kusini mwezi uliopita, wamejenga viota ardhini. Makinda bado hawajui kuruka. Mashine ikipita, haibakizi kitu.

"Leo sikati hapa," Verna anamwambia kaka yake anapofika.

"Hukati? Na mvua inakuja Ijumaa! Ng'ombe watakula nyimbo?"

"Wamezisikia zako miaka yote, kaka, na hawajafa."

Elwin anacheka bila kupenda. Yeye ana njia yake, na ndiyo ya wakulima wengi wa hapa: unaangalia mama ndege anapotua na chakula, unachomeka kijiti, kisha mashine inakwepa mahali hapo.

Jike anakuja, ana michirizi ya kahawia kama majani makavu, viwavi mdomoni. Anatua. Elwin anakimbia, anachomeka kijiti, anapekua. Hakuna kiota. Jike anarudi, anatua kwingine. Kijiti kingine. Hakuna.

"Akitua hajafika," Verna anasema taratibu. "Anamalizia safari kwa miguu, chini kwa chini. Hata mimi kiota chake sijawahi kukiona."

"Ngoja, huyu nampata."

Asubuhi inapita kama ndoto. Ukungu unayeyuka, umande unameremeta, nyimbo zinapanda na kushuka, na kaka mtu anakimbia huku na kule akiwa amelowa hadi magotini.

Adhuhuri Corinne, mke wa Elwin, anashuka na kahawa, akifuatana na jirani yao, mzee Dufresne.

"Baba, umepanda maharage?" Corinne anamuuliza mumewe, akitazama vijiti vilivyotapakaa.

"Muulize wifi yako!"

"Umeshindwa na ndege asiyefikia uzito wa yai," anasema Dufresne, na kahawa inampalia kwa kicheko.

Verna hacheki. Ana shamba dogo mlimani, majani yake ameyatunzia farasi wake wawili. Kule juu hajawahi kuona boboliki.

"Kata langu leo, kaka, ulishe ng'ombe. Hili niachie mpaka watoto waruke."

"Na farasi wako?"

"Watakula haya ya bondeni, mwezi ujao. Ng'ombe wako wanadeka, lakini farasi hawajali majani magumu. Mungu akijalia, mwaka kesho tubadilishane tena. Natamani nizeeke nikiwasikia ndege hawa."

Elwin anatazama vijiti vyake. Mbele yake jike anatua tena, katikati ya vijiti, na kupotelea majanini na viwavi wake. Nyasi zinatikisika kidogo, kisha zinatulia.

Elwin anavua kofia.

"Corinne, Dufresne, nisikieni vizuri, msije mkasema sikusema," anatamka kwa sauti. "Shamba hili halitaguswa na mashine, mwaka huu wala mwaka kesho, mpaka Verna mwenyewe aseme watoto wameruka."